Ushahidi wa Mpenzi: Maoni ya Haraka juu ya Albamu za Roki ya Kujitegemea

Aghalabu wataalamu wa sanaa huyapuuza maoni ya mpenzi wa kawaida. Mtu aliyeipata albamu jana, akaisikiliza mara mbili, na leo akawaambia wenzake kwamba wimbo wa tatu ni mtamu na wa tano hauna maana, hahesabiwi kuwa mhakiki. Yasemwa kwamba hana mizani, hana elimu ya muziki, wala hana subira. Madai hayo yana ukweli ndani yake. Lakini iko aina moja ya muziki ambayo historia yake haiwezi kuandikwa bila ya maoni ya namna hiyo, nayo ni roki ya kujitegemea ya Marekani na Uingereza. Katika muziki huo neno la mpenzi limekuza kampuni ndogo, limefufua albamu zilizokuwa zikisahauliwa, na pengine limegeuza bahati ya mwanamuziki kwa siku moja. Neno lenye nguvu kiasi hicho lastahili kupimwa kama yanavyopimwa maandishi ya aina nyingine yoyote.

Yafaa kwanza kueleza muziki wenyewe. Sifa ya kujitegemea haikutokana na mlio wa gitaa wala na maneno ya nyimbo. Ilitokana na biashara. Miaka ya 1970 ilipokuwa ikielekea ukingoni, walitokea watu waliochoka kungoja hisani ya makampuni makubwa ya santuri. Rough Trade ya London ilianza kuwa duka mwaka 1976, na mwaka 1978 ikaanza kutoa santuri zake yenyewe. Dischord ilianzishwa Washington mwaka 1980. Merge ilianzishwa North Carolina mwaka 1989 na Mac McCaughan na Laura Ballance, ambao walikuwa wapigaji wa bendi ya Superchunk. Kampuni hizo hazikuwa na fedha za matangazo, wala redio kubwa hazikuzipigia nyimbo zao. Wahenga husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa methali hiyo haikutosha, kwa maana hata kizuri hakijiuzi mahali pasipo soko. Ilihitajiwa mtu wa kukichukua mkononi na kukipeleka kwa mwenzake, na mchukuzi huyo alikuwa mpenzi.

Mifano ya wachukuzi hao si michache. Mark Perry alikuwa karani wa benki mjini London. Mwezi wa Julai 1976 alitoa gazeti dogo lililoitwa "Sniffin' Glue", ambalo toleo lake la kwanza lilikuwa nakala 50 hivi. Hakuwa na mhariri wa kumsahihisha wala mwenye mali wa kumwamuru. Alisema alichokipenda na alichokichukia katika muziki wa panki uliokuwa ukizaliwa mbele ya macho yake. Huko Olympia, katika jimbo la Washington, Bruce Pavitt alianza mwaka 1980 kijarida chake "Subterranean Pop", akikusanya habari na maoni juu ya bendi za mikoani ambazo magazeti ya miji mikubwa hayakuzijali. Jina hilo lilifupishwa likawa Sub Pop, na kijarida cha maoni kikaja kuwa kampuni ya santuri mjini Seattle. Hata wapigaji wenyewe walitoka katika kundi hilo hilo la wasikilizaji: Peter Buck wa R.E.M. alikuwa muuzaji katika duka la santuri la mji wa Athens, Georgia, na Ira Kaplan wa Yo La Tengo aliandika juu ya muziki wa wengine kabla ya kujulikana kwa muziki wake. Basi katika muziki huu umbali baina ya anayesikiliza na anayepiga ni mfupi sana, na maoni ya msikilizaji yamo ndani ya sanaa yenyewe tangu mwanzo.

Hata hivyo asili njema haitoshi kuwa hati ya ubora. Maoni ya haraka yana umbo lake, na umbo hilo lina tabia zinazojirudia. Tabia ya kwanza ni kuilinganisha albamu mpya na ile iliyoitangulia: kwamba hii haina nguvu kama ya kwanza, au kwamba bendi imekua, au kwamba imechoka. Tabia ya pili ni kuilinganisha bendi na bendi nyingine. Tabia ya tatu ni kuzitaja nyimbo moja moja na kuzipanga kama mchuuzi apangavyo matunda, yaliyoiva mbele na mabichi nyuma. Hakuna tabia hata moja kati ya hizo iliyo mbaya kwa dhati yake. Ubaya huja pale mlinganisho unapochukua mahali pa maelezo.

Mathalani, Pavement walipotoa "Slanted and Enchanted" mwaka 1992, walisemwa sana kuwa wanafunzi wa The Fall, bendi ya Manchester. Mark E. Smith, kiongozi wa The Fall, alilalamika mwenyewe kwamba kazi yake imeigwa. Ufanano upo, wala hauwezi kukanushwa: sauti inayosema zaidi kuliko kuimba, gitaa lililolegezwa nyuzi, na wimbo unaosikika kama utaanguka wakati wowote. Lakini msikilizaji aliyeishia hapo amesema nusu ya jambo, na nusu iliyo nyepesi. Katika The Fall ulegevu ule umebeba ghadhabu na amri. Mwimbaji anamsimamia msikilizaji kama msimamizi wa kazi. Katika Pavement ulegevu huo huo umebeba mzaha, na chini ya mzaha umefichwa wimbo laini ambao Stephen Malkmus aona haya kuuimba waziwazi. Mlinganisho umemwonyesha msikilizaji nyumba, lakini haukumfungulia mlango. Tena humsaidia yule tu aliyekwisha kuijua bendi ya kwanza. Kijana asiyewajua The Fall haambulii kitu isipokuwa kuona kwamba mwandishi anajua mengi.

Kosa la pili linalotajwa dhidi ya mpenzi ni haraka yake. Katika jambo hili ushahidi wa kihistoria ni mkubwa. Lester Bangs alikuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1969 jarida la Rolling Stone lilipochapisha maoni yake ya kwanza. Aliandika juu ya "Kick Out the Jams", albamu ya MC5 iliyorekodiwa mbele ya watu mjini Detroit mwaka 1968, akaikemea kwa ukali. Baadaye albamu hiyo hiyo ikawa miongoni mwa zile alizozipenda kupita kiasi, na yeye akawa mmoja wa waandishi mashuhuri kabisa wa muziki wa roki hata kufa kwake mwaka 1982. Sikio lililokosea mara ya kwanza lilikuwa ndilo lile lile lililopatia baadaye. Kilichobadilika ni muda, na uhodari wake ulikuwa kuuruhusu muda ufanye kazi yake.

Mfano wa Neutral Milk Hotel ni wa kufikirisha zaidi. Albamu yao "In the Aeroplane Over the Sea" ilitolewa na Merge mwezi wa Februari 1998, na kampuni ilitazamia kuuza nakala 7,000 hivi. Ni kazi ngumu kwa sikio geni. Jeff Mangum aimba kwa sauti ya juu iliyokazwa hata inakaribia kupasuka. Gitaa lake lapigwa kwa nguvu nyingi. Tarumbeta zaingia kama bendi ya mazishi. Na msumeno wapigwa kwa uta kama fidla, ukilia kwa sauti isiyokuwa ya mtu wala ya chombo kinachojulikana. Maneno yake yamehusiana kwa kiasi na huzuni ya Mangum baada ya kuisoma shajara ya Anne Frank. Jarida la Pitchfork, ambalo wakati huo lilikuwa bado kazi ya vijana wapenzi, liliipa alama 8.7 kati ya 10. Albamu ilipotolewa upya mwaka 2005, jarida hilo hilo liliipa 10. Katika miaka iliyofuata ikauzwa kwa mamia ya maelfu. Hapana sauti hata moja iliyobadilika katika santuri. Waliobadilika ni wasikilizaji, nao walibadilishwa na maneno ya mpenzi mmoja kwa mwingine, kwa kuwa Mangum alikuwa amejitenga na umma na hakuwa akiitangaza kazi yake.

Hapa pana fundisho ambalo wanaowadharau wapenzi hawalioni. Haraka ya 1998 ilikosea kipimo, lakini haraka hiyo hiyo ndiyo iliyoitaja albamu kwa watu wa kwanza. Kama kila msikilizaji angengoja miaka saba ili awe na hakika, pasingekuwa na mtu wa kuikumbuka mwaka 2005. Mtaalamu mwenye subira hufika wakati meza imekwisha kuandaliwa na wengine. Huzikuta zile kazi tu ambazo mtu asiye na subira alizinusuru. Kwa hiyo kumtaka mpenzi anyamaze mpaka apate yakini ni kuutaka muziki mdogo ufe kimya. Swali la kweli ni namna gani ya kusema mapema pasipo kudai kujua yasiyojulikana.

Jibu la swali hilo lategemea tofauti baina ya ushahidi na hukumu. Shahidi husema: nilikuwapo, nimesikia hivi, nikaona hivi. Hukumu husema: jambo hili ni hivi, na limekwisha. Maoni ya haraka yana haki kamili ya kuwa ushahidi, na ushahidi wa siku ya kwanza una thamani ambayo haiwezi kupatikana tena, kwa maana hakuna awezaye kuisikia albamu kwa mara ya kwanza mara mbili. Maoni hayo yanapovaa joho la hakimu ndipo yanapoharibika. Na chombo kilichoyavika joho hilo kuliko vyote ni tarakimu.

Pitchfork ilianzishwa mwaka 1996 na Ryan Schreiber, kijana wa Minnesota ambaye hakuwa na kazi ya uandishi wala shahada ya muziki. Mwaka 1999 aliihamishia Chicago. Desturi yake iliyojulikana mno ilikuwa kuzipa albamu alama kutoka 0.0 hadi 10.0, kwa sehemu za kumi. Mtu aweza kucheka: ni sikio gani liwezalo kuitofautisha albamu ya 7.3 na ya 7.4? Hata hivyo alama hizo zikawa na nguvu ya soko. Mwezi wa Septemba 1, 2004, Merge ilikuwa kampuni ndogo iliyoheshimiwa. Baada ya "Funeral" ya Arcade Fire kutoka katikati ya mwezi huo na kupewa 9.7, nakala zilitakiwa kwa wingi kuliko zilivyotayarishwa. Bendi hiyo ilipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka mnamo 2011 kwa kazi yake ya tatu. Neno la mpenzi lilikuwa limefika mahali ambapo Perry na nakala zake 50 hangeweza kupaota.

Mwaka huo huo wa 2004 ulionyesha upande wa pili. Travis Morrison alikuwa mwimbaji wa The Dismemberment Plan, bendi ya Washington ambayo albamu yake "Emergency & I" ya mwaka 1999 ilipewa 9.6 na jarida hilo. Bendi ilivunjika mwaka 2003, na Morrison akatoa albamu yake peke yake, "Travistan". Ilipewa 0.0. Morrison alieleza baadaye kwamba namna watu walivyompokea iligeuka mara moja, kama mtu aliyelala na jina moja na kuamka na jingine. Albamu ile ina kasoro. Mizaha yake mingine ni mizito na nyimbo zake nyingine hazikukomaa. Lakini sifuri si maelezo ya kasoro. Sifuri husema kwamba hapana pumzi hata moja ndani ya kazi nzima, na jambo hilo haliwezi kuwa kweli kwa mtu aliyeitunga "Emergency & I" miaka mitano kabla. Kilichosikika katika sifuri ile ni uchungu wa mpenzi aliyevunjwa moyo. Uchungu huo ulikuwa wa kweli, na kama ungaliandikwa kwa jina lake ungalikuwa ushahidi wa thamani: kwamba msikilizaji alikuwa na tumaini hili, na tumaini limekatika kwa sababu hii. Ulipogeuzwa kuwa tarakimu, mwenye uchungu alitoweka, ikabaki adhabu.

Kwamba tarakimu zilikuwa zimebeba zaidi ya uwezo wake, jarida lenyewe lilikuja kulionyesha. Mwezi wa Oktoba 2021 lilichapisha orodha ya albamu 19 ambazo alama zake zilibadilishwa. "Turn on the Bright Lights" ya Interpol, ya mwaka 2002, iliyokuwa na 9.5, ilishushwa hadi 7.0. Albamu ya Liz Phair ya mwaka 2003 iliyobeba jina lake ilipandishwa kutoka 0.0 hadi 6.0, na mwandishi aliyeipa sifuri alikuwa amekwisha kuomba radhi hadharani mwaka 2019. Tendo la kurudi ni la kusifiwa, maana msema pweke hakosi, na gazeti lenye sauti kubwa ni rahisi kuwa msema pweke. Walakini dawa ilichukuliwa katika chupa ile ile ya ugonjwa. Msikilizaji aliyeipenda Interpol mwaka 2002 hakudanganyika. Mji wa New York ulikuwa umetoka katika msiba wa Septemba 2001, na sauti nzito ya Paul Banks juu ya gitaa baridi ilikuwa na maana kwa masikio ya mwaka ule. Hiyo ni habari ya kweli, na 7.0 haiwezi kuifuta. Kilichohitajiwa ni ushahidi wa pili kuwekwa kando ya wa kwanza, ili msomaji aone jinsi kazi moja inavyosikika katika nyakati mbili.

Yaweza kupingwa kwamba maoni mafupi hayana nafasi ya yote hayo. Pingamizi hilo halina nguvu. Robert Christgau alianza mwaka 1969 katika Village Voice ya New York kuandika maoni mafupi sana juu ya albamu, kila moja kwa aya moja na alama ya herufi kama ya shuleni. Ufupi wake haukuwa uvivu. Alisikiliza mara nyingi kabla ya kuandika. Tena alipokusanya maoni ya miaka ya 1970 katika kitabu mwaka 1981, alisikiliza upya, akaandika upya mengi na kubadilisha alama zake. Aya moja yatosha, maadamu imejaa kitu kilichosikiwa.

Tofauti hiyo yaweza kuonekana katika kazi ya miaka ya karibuni. Low walikuwa bendi ya Duluth, Minnesota, iliyoanza mwaka 1993 na kujulikana kwa nyimbo za polepole na za kimya, zilizoimbwa kwa sauti mbili na mume na mke, Alan Sparhawk na Mimi Parker. Mwaka 2018 walitoa "Double Negative" kwa Sub Pop. Mpenzi mmoja angeweza kusema kwamba bendi imeharibu sauti yake kwa kelele, akaipa alama ndogo. Mwingine angeweza kusema kwamba imethubutu, akaipa alama kubwa. Wote wawili wangekuwa hawajasema neno. Mpenzi wa tatu angesema hivi: albamu yaanza kwa mkwaruzo unaopumua kama mashine mbovu, sauti za waimbaji zimezama ndani yake, na msikilizaji hudhani kwamba chombo chake kimeharibika, kisha wimbo baada ya wimbo anazoea giza, mpaka katika "Fly" sauti ya Parker yatoka juu ya kelele ikiwa safi, na usafi huo wauma kwa sababu ya kile kilichoutangulia. Huyu hakusema kama albamu ni bora. Amempa msomaji masikio yake kwa muda. Atakayeisikiliza baadaye aweza kukubali au kukataa, lakini anajua anakubali au anakataa nini. Parker alifariki mwezi wa Novemba 2022, na tangu hapo wimbo ule hausikiki kama ulivyosikika. Alama ya 2018 haina la kusema juu ya badiliko hilo. Ushahidi wa 2018 unalo, kwa sababu waonyesha jinsi sauti ile ilivyopokewa mwenyewe alipokuwa hai.

Kutokana na mifano hii masharti matatu yaweza kutajwa. La kwanza, maoni yaseme kilichosikiwa kabla ya kusema kilichopendwa. La pili, msikilizaji ajulikane: alikuwa akitumaini nini, na amekwisha kusikia nini. La tatu, mlango wa kurudi uachwe wazi, na anayerudi asilifute neno lake la kwanza. Mwenye kuyatimiza hayo ni mhakiki, hata kama hakupita chuoni. Na asiyeyatimiza si mhakiki, hata kama anacho cheo.

Wakati uliopo wayafanya masharti hayo kuwa ya lazima zaidi. Zamani maoni yalimwambia msomaji kama atoe fedha zake au azishike. Siku hizi albamu yaweza kusikiwa na kila mwenye simu siku ile ile itokapo, na uamuzi wa wimbo gani ufuate aghalabu huachiwa programu inayohesabu mazoea ya watu. Pitchfork yenyewe ilinunuliwa na Condé Nast mwaka 2015, na mwezi wa Januari 2024 ikatangazwa kwamba itawekwa chini ya jarida la GQ, na wafanyakazi wengi wakaachishwa kazi. Yamkini enzi ya alama kubwa zinazotikisa soko imepungua. Lakini kazi ya mchukuzi haikwisha. Programu yaweza kumletea mtu albamu ya kampuni ndogo ya North Carolina, ila haiwezi kumweleza kwa nini msumeno unalia katikati ya wimbo, na kwa nini kilio hicho chastahili kungojewa mpaka kisikike mara ya nne. Hilo bado lahitaji mtu aliyekaa, akasikiliza, akaguswa, na akaona si haki kunyamaza.